UZI: Mgonjwa wa ini mwenye maji tumboni asiposema anaumwa, msidhani yuko salama

Mtoto wa Mzee (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo naumaliza, kwa sababu juzi mtu mmoja aliandika kwamba baba yake ini limesinyaa na tumbo limejaa maji, ila anamshukuru Mungu hana homa wala haumwi tumbo, "amepoa tu kidogo". Maneno hayo hayo niliyasema mimi kuhusu mzee wangu, siku chache kabla figo zake hazijagoma.

Ninalotaka kusema ni moja. Mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, aliyejaa maji tumboni, akilazwa kwa sababu yoyote ile, au akibadilika hata kidogo, maji yale yachotwe na yapimwe siku hiyo hiyo. Isingojwe kesho, wala isingojwe homa.

Mzee aliishi na sirosisi miaka mitatu. Ilitokana na homa ya ini aina ya B. Nalitaja hilo kwa sababu tulichoka kuulizwa kuhusu pombe, na yeye hakuwahi kuigusa. Maji yalianza kujaa mwaka wa pili, tukawa tunakwenda kuyatoa kila baada ya wiki mbili tatu. Lita sita, lita saba. Yanaingia kwenye chombo, chombo kinakwenda kumwagwa. Miezi yote ile sikuona hata kijiko kimoja cha maji yale kikipelekwa maabara, nami sikujua kama kuna jambo la kuuliza.

Wiki ile alianza kulala mchana na kukesha usiku, amekaa ukingoni mwa kitanda. Chakula hataki. Mama alimuuliza jambo akajibu jingine, kisha akajisahihisha mwenyewe, tukasema ni uchovu. Nikampima joto: 36.4. Nikambonyeza tumbo kama nilivyoona madaktari wakifanya. "Baba, hapa panauma?" Akasema hapana. Nikaenda kulala, na usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingine zote za wiki. Hadi leo nikiukumbuka usingizi ule naumia.

Siku ya tatu tukampeleka, maana mkojo ulikuwa umepungua sana. Hospitali ile sitaitaja. Walitupokea vizuri, wakapima damu, wakatuambia chembe nyeupe ziko kawaida, joto kawaida, tumbo laini, maji yatatolewa wiki ijayo kwa ratiba yake. Alikaa pale zaidi ya saa 30 bila kuchomwa sindano ya tumbo. Zamu ilipobadilika akaja daktari kijana. Akamwambia mzee anyooshe mikono mbele, akunje viganja kama mtu anayezuia gari. Viganja vikawa vinaanguka na kuinuka vyenyewe, dalili kwamba ini limeanza kuathiri ubongo. Daktari akatugeukia: "Maji ya huyu yalipimwa lini mara ya mwisho?" Hatukuwa na jibu. Akachota hapo hapo kitandani. Jioni majibu yakarudi: neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, 2,300. Mpaka wa hatari ni 250.

Bakteria walikufa kwa dawa. Figo hazikurudi. Mzee aliishi wiki tano.

Tangu hapo nimesoma na kuwauliza madaktari wengi, nawapa nilichokielewa. Utumbo wa kila mtu umejaa bakteria, na ukuta wake ndio unaowazuia. Ini likijaa makovu, damu inayotoka utumboni inakosa njia, shinikizo linapanda, ukuta wa utumbo unavimba na kuanza kuvujisha. Bakteria wa humo humo, kama E. coli, Klebsiella na streptokoki, wanavuka hadi kwenye tezi za limfu, wanaingia kwenye damu, wanaishia kwenye maji ya tumboni. Ini lililopaswa kuwachuja halina nguvu hiyo tena, na sehemu ya damu hailipitii kabisa. Wakifika kwenye yale maji wanakuta hakuna askari, kwa kuwa protini za kinga ni chache mno. Protini ya maji ikiwa chini ya gramu 15 kwa lita, hatari inaongezeka.

Hakuna utumbo uliotoboka, hakuna kidole tumbo kilichopasuka. Ndiyo maana ugonjwa huu huitwa peritonitisi ya bakteria inayojianzia yenyewe. Aliyeupa jina hilo umaarufu ni daktari wa Marekani, Harold Conn, mwaka 1964. Wakati huo zaidi ya tisa katika kila wagonjwa kumi walikufa. Siku hizi, ukigunduliwa mapema, vifo vimeshuka hadi kama viwili katika kumi.

Lakini kuugundua ndiko kugumu, kwa sababu haupigi kelele. Tumbo la mtu mwenye utumbo uliotoboka hukakamaa kama ubao kwa sababu tabaka mbili za utando wa tumbo zimevimba na zinasuguana. Kwa mgonjwa wetu tabaka hizo zimetenganishwa na lita kadhaa za maji. Unapobonyeza, unabonyeza maji. Homa nayo inataka kinga yenye nguvu, na kinga ya mtu huyu imechoka. Joto lake la kila siku mara nyingi liko chini kuliko letu, kwa hiyo 37.5 kwake inaweza kuwa homa. Hadi theluthi moja ya wagonjwa hawana dalili yoyote.

Kisha kuna suala la chembe nyeupe, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Mwenye sirosisi huwa na wengu kubwa, na wengu hilo hunasa chembe za damu. Baada ya msiba nilifungua bahasha ya karatasi za mzee. Kila mwezi chembe zake nyeupe zilikuwa 2,000 na kitu. Siku aliyolazwa zilikuwa 5,900. Karatasi ilisema "kawaida", na kwa mtu mwingine ingekuwa kweli. Kwake zilikuwa zimepanda karibu mara tatu. Bahasha ile ilikuwa nyumbani, kwenye droo, muda wote.

Naombeni michango, hasa wenye taaluma. Nikikosea nisahihisheni.

---

Mgeni Hapa

Pole sana ndugu yangu. Mzee apumzike kwa amani. Swali langu, si ungekuwa uamuzi wa busara kumwanzishia antibiotiki tu bila kumchoma? Hawa wagonjwa wamechomwa sana jamani.

---

Tabibu wa Zamu

Mleta uzi, pole sana, na umeeleza vizuri. Sina la kusahihisha.

Mgeni Hapa, naelewa huruma yako, ila dawa bila kipimo ni kupiga risasi gizani. Kwanza, huenda tatizo si maji, ukamtibu kitu asichonacho huku chanzo halisi kikiendelea: anavuja damu, ana maambukizi ya mkojo, potasiamu imeshuka. Pili, ukishampa dawa kisha ukachota, bakteria hawataota maabara na hutajua ni dawa gani inawaua. Hilo ni zito zaidi kwa mgonjwa aliyekuwa wodini siku nyingi, maana bakteria wa hospitali mara nyingi ni sugu kwa dawa za kawaida. Ila tukishachota na kukuta 250 au zaidi hatungoji majibu ya kuotesha. Dawa inaanza saa hiyo hiyo, kwa kawaida sefotaksimu au seftriaksoni ya mshipani.

Kuhusu saa: kuna utafiti wa Marekani wa 2014 uliolinganisha waliochotwa maji ndani ya saa 12 tangu wafike hospitali na waliocheleweshwa zaidi ya hapo. Waliocheleweshwa walikuwa na hatari ya kufa mara 2.7. Kila nikiingia zamu na kukuta mtu amelala na maji yake tangu jana, namba hiyo hunijia kichwani.

---

Msomaji77

Sisi tuliambiwa mama yetu hawezi kuchomwa, damu yake haigandi na chembe sahani, zile za kusaidia damu kuganda, ziko chini. Tukaogopa, tukakubali.

---

Tabibu wa Zamu

Msomaji77, hofu hiyo ipo hata kwetu madaktari, na imechelewesha wagonjwa wengi. Damu ya mwenye sirosisi karibu wakati wote itaonekana haigandi vizuri kwenye vipimo, kwa sababu ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha. Lakini linatengeneza pia vile vinavyozuia kuganda, navyo vimepungua vilevile, hivyo kipimo kile hakielezi mizani nzima. Kuvuja damu kwa kiasi cha kutisha baada ya kuchota maji hutokea kwa chini ya mgonjwa mmoja katika mia. Miongozo ya kimataifa haidai mgonjwa aongezewe plazma au chembe sahani kwanza kama utaratibu wa kawaida. Wapo wachache ambao kweli tunasita, mfano mwenye mgando uliovurugika mwili mzima na anayevuja kila mahali. Tena kwa ajili ya kupima tu tunatumia sindano nyembamba na ganzi, upande wa kushoto chini, tunatoa mililita chache.

---

Nesi Usiku

Niongeze la upande wetu. Wapendwa, maji yakichotwa angalieni yanakwenda wapi. Ya kuotesha yaingie kwenye chupa za kuotesha damu pale pale kitandani, angalau mililita kumi kila chupa, kabla ya dozi ya kwanza ya dawa. Yakipelekwa kwenye kichupa kikavu ili wakayapande huko maabara, bakteria wengi hawaoti, kwa sababu katika ugonjwa huu wanakuwa wachache sana ndani ya maji mengi. Nimeona tofauti hiyo kwa macho yangu. Wodi niliyokuwa zamani tulikuwa tunapeleka kwenye kichupa, majibu karibu yote yanarudi "hakuna kilichoota" na mgonjwa anazidiwa.

Na mleta uzi, hilo la kumwaga lita saba bila kupima hata kidogo, umenigusa. Nimeshika chombo kile mara nyingi. Siku hizi nikimsaidia daktari kutoa maji naweka kichupa pembeni kabla hatujaanza.

---

Darubini

Mimi ni mtu wa maabara. Tunaomba tu mtuletee mapema. Kichupa cha kuhesabia ni kile chenye kifuniko cha zambarau, chenye dawa ya kuzuia kuganda. Maji yakikaa, chembe zinapasuka na hesabu inashuka, mnapata jibu la kuwatuliza ambalo si kweli.

Pia msisome jumla ya chembe nyeupe mkaishia hapo. Kinachotafutwa ni neutrofili. Maji yanaweza kuwa na chembe 900, karibu zote limfositi, aina nyingine ya chembe nyeupe, na hapo mtu afikirie kifua kikuu cha tumboni au saratani, ambazo ni habari tofauti kabisa. Maji yakiwa na damu tunaondoa neutrofili moja kwa kila chembe nyekundu 250. Daktari akiandika kwenye fomu "sirosisi, tunatafuta maambukizi ya maji" sisi tunaiweka mbele. Akiandika "maji" peke yake, inakaa foleni.

---

Kitindamimba

Jamani nasoma huku natetemeka. Mama yangu ana sirosisi, tumbo limejaa. Tangu juzi hajapata choo, leo asubuhi ameniita jina la marehemu dada yake. Hana homa. Tumbo haliumi. Kaka yangu anasema ni kukosa choo tu, tumpe dawa ya kulainisha na diklofenaki kwa sababu analalamika mgongo.

---

Mtoto wa Mzee

Mdogo wangu, DIKLOFENAKI USIMPE. Wala ibuprofeni. Dawa hizo zinazima mtiririko wa damu kwenye figo ambazo tayari zinaponea chupuchupu. Mwambie kaka yako kwa upole, hana nia mbaya, ila hilo hapana.

Kukosa choo kweli kunaweza kumchanganya mgonjwa wa ini. Lakini maambukizi ya maji nayo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kuchanganyikiwa, na hakuna atakayetofautisha kwa kumtazama. Mpelekeni sasa hivi. Beba karatasi zote za zamani, hasa za damu, na orodha ya dawa zake. Ukifika sema maneno haya: "Mama ana sirosisi na maji tumboni, amechanganyikiwa leo, tunaomba maji yachotwe yapimwe neutrofili." Sema kwa heshima, na wakikuambia kesho, uliza tena.

---

Nesi Usiku

Kitindamimba, mwangalie pia choo chake kama ni cheusi kama lami, au kama ametapika damu. Ukikiona chochote katika hivyo waambie mapokezi kabla ya salamu. Mgonjwa wa sirosisi anayevuja damu tumboni hupewa antibiotiki za kumkinga hata kabla maambukizi hayajaonekana.

---

Msomaji77

Wakati tunamngoja mdogo wetu, naomba kuuliza. Hili la albumini likoje? Mama yetu hatimaye aliugua hivyo, akapewa dawa ya mshipa peke yake. Alipona, ila figo zilisumbua.

---

Tabibu wa Zamu

Albumini, protini ya damu inayotundikwa mshipani, ni nusu ya tiba, na ndiyo inayosahaulika. Maambukizi haya yanatanua mishipa ya damu, damu inayofika kwenye figo inapungua, figo zinafunga. Mwaka 1999 Wahispania walichapisha utafiti wa wagonjwa 126: nusu walipewa sefotaksimu peke yake, nusu wakaongezewa albumini, gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza na gramu 1 kwa kilo siku ya tatu. Figo ziliharibika kwa asilimia 33 ya kundi la kwanza na asilimia 10 ya kundi la pili. Waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 29 dhidi ya 10. Ni dawa chache sana ninazozijua zenye tofauti kubwa kiasi hicho. Anayefaidika zaidi ni yule ambaye tayari bilirubini (kipimo cha ini) au kreatinini (kipimo cha figo) yake imepanda.

Na kama mama yenu alishaugua mara moja, Msomaji77, uliza kuhusu dawa ya kinga ya kila siku. Bila kinga, karibu saba katika kumi huugua tena ndani ya mwaka. Utafiti wa 1990 ulionyesha nofloksasini ya kila siku inashusha idadi hiyo hadi kama wawili katika kumi. Pale isipopatikana hutumiwa siprofloksasini au kotrimoksazoli, daktari wake ataamua. Uliza pia kuhusu tathmini ya kupandikizwa ini. Aliyepona ugonjwa huu ametoka kwenye hatari moja, ini lenyewe bado ni lile lile. Na kama anameza omeprazoli kwa mazoea tu, daktari aangalie kama bado anaihitaji, kwa sababu dawa za kupunguza asidi zimehusishwa na maambukizi haya.

---

Kitindamimba

Tumefika. Walitaka kusubiri asubuhi. Nikasema yale maneno. Daktari alinitazama kidogo, akauliza nimejuaje, nikamwambia nimesoma kwa mtu aliyempoteza baba. Akachota. Nimeona akijaza zile chupa pale kitandani.

Neutrofili 140. Nimefurahi mno, ni chini ya 250! Damu yake pia potasiamu imeshuka, wanamrekebisha, na dawa ya choo amepewa.

---

Mtoto wa Mzee

Alhamdulillahi. Umefanya kazi kubwa. Chupa za kuotesha zifuatilie, usiwaache wasahau.

---

Kitindamimba

Habari si nzuri sana. Leo maabara imepiga simu wodini, kuna bakteria wameota, E. coli. Mama bado anachanganya majina. Mbona hesabu ilikuwa nzuri? Walikosea?

---

Darubini

Hawakukosea dada. Bakteria wanaweza kuwa wameingia kwenye maji na askari, yaani neutrofili, bado hawajafika. Kuna wanaojisafisha wenyewe, na kuna wanaoelekea kwenye ugonjwa kamili. Ndiyo maana huchotwa tena.

---

Tabibu wa Zamu

Ni kama alivyosema Darubini. Mama angekuwa hana dalili yoyote, wangechota tena na kuamua kwa hesabu mpya. Lakini bado amechanganyikiwa, kwa hiyo watibu huku wakichota.

---

Kitindamimba

Ndivyo walivyofanya. Wamechota tena mchana: 390. Seftriaksoni imeingia kabla hata majibu hayajatoka, albumini wameitundika jioni hii. Joto lake bado ni 36.6. Tumbo nimemuuliza, anasema haliumi.

---

Mtoto wa Mzee

Andika saa ya dozi ya kwanza kwenye daftari. Pima mkojo wake, andika na huo. Baada ya saa 48 waulize kama watachota tena kuona neutrofili zimeshuka kwa zaidi ya robo, kwa sababu zisiposhuka dawa hubadilishwa, na hapo pia huchunguza kama kuna utumbo uliotoboka. Kreatinini iwe inapimwa kila siku.

Kaka yako yupo hapo? Mpokezane, wewe ulale kidogo.

---

Kitindamimba

Yupo. Amekaa upande ule mwingine wa kitanda, anasoma huu uzi kwenye simu yake. Mkojo tangu jioni ni mililita 300. Dozi ya kwanza ilikuwa saa saba na dakika ishirini mchana.